Kivu kwa kayaki: ugumu uko mahali pa kulala

Anayeteremka kutoka Mushaki hukutana na Ziwa Kivu pale Sake, kwenye Ghuba ya Kabuno. Ukitazama tu, ungesema safari ya kayaki ya siku kadhaa ianzie hapo: maji shwari, vilima vimeyakinga. Waliopanga safari hizi walichagua kwingine. Hifadhi ya Virunga iliweka kambi ya mahema na kayaki kisiwani Tchegera, karibu na Goma. Upande wa Rwanda, wapiga kasia hutoka Rubavu, hupitia Kinunu, kisha hufika visiwa vya Karongi.

Ratiba ya siku hupangwa na upepo. Asubuhi ziwa limelala. Baadaye upepo huamka na mawimbi hupanda. Kwa hiyo watu hupiga kasia mapema, wakiufuata ufuko, wakiwapisha wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, wanaorudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Mahema na chakula hubebwa na boti la injini. Boti hilo si anasa: kayaki ikipinduka kwenye ziwa lenye kina cha mita 480 hivi, ndilo litakalomwokoa mtu. Nalo lisijazwe kupita kiasi, na jaketi za kuokolea zivaliwe, zisirundikwe chini ya viti. Boti lililotoka Minova tarehe 3 Oktoba 2024 lilizama likiwa limekaribia kutia nanga Kituku, Goma, watu wakiliona kutoka nchi kavu, na wengi wakafa.

Jambo zito zaidi ni mazuku. Kati ya Goma na Sake ardhi hutoa gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi, nayo hujikusanya mabondeni usiku kusipokuwa na upepo. Utulivu uleule unaolainisha maji ndio unaoiacha gesi itulie. Vijighuba vilivyojificha, ambavyo mpiga kasia angevipenda kwa kutia nanga, ndivyo vya kuogopwa kuliko vyote. Hema lipigwe mgongoni mwa kilima, hata kama mizigo itapandishwa kwa jasho. Ukikuta ndege au mijusi waliokufa bila jeraha, ondoka. Wapo wanaoshusha mwenge shimoni kupima, mimi siuamini. Ukizimika, gesi imeshafika kiwango cha kuua. Ukiendelea kuwaka, bado inaweza kukulevya.

Hapo ratiba mbili zinagongana: upepo unataka uondoke alfajiri, mazuku yanataka usubiri jua lipashe ardhi na hewa ianze kutembea. Mimi ningesubiri, nipoteze saa moja ya maji shwari. Na jioni ningezipandisha kayaki hadi kwenye mahema, ili asiwepo mtu wa kushuka bondeni gizani na kuinama kufungua kamba.