Kulingana si Kuoana: Juu ya Istilahi za Priamplifaya

Miongoni mwa tafsiri zipotoshazo bila kuonyesha kosa ni ile isemayo kwamba priamplifaya sharti "ilingane" na amplifaya ambazo mtu anazo tayari nyumbani. Kisarufi sentensi hiyo haina ila. Kimaana ina hasara, kwani vyombo vya daraja la juu huuzwa kwa bei kubwa, na mnunuzi ndiye alipaye gharama ya neno lisilofaa.

Priamplifaya hupokea umeme mdogo wenye kubeba muziki kutoka kwenye santuri, kaseti au redio, huudhibiti kiwango, kisha huupeleka kwenye amplifaya ya nguvu iendeshayo spika. Sasa, kulingana ni kuwa sawa. Lakini impidansi ya kutokea ya priamplifaya ikiwa sawa na impidansi ya kuingilia ya amplifaya, nusu ya volti hupotea. Kanuni ya mafundi ni kwamba ya kuingilia iwe angalau mara 10 ya ile ya kutokea. Priamplifaya ya omu 1,500 yaifaa amplifaya ya omu 20,000. Amplifaya hizo zikiwa mbili kwenye tokeo moja, impidansi yao ya pamoja hushuka hadi omu 10,000, na priamplifaya ile ile haifai tena. Vyombo hivi basi havilingani, bali huoana, kama vile kanzu na koti vioanavyo pasipo kuwa na rangi moja.

Jina "kikuza sauti cha awali" nalo lina kasoro mbili. Kwanza, ndani ya chombo hicho hamna sauti, mna umeme tu. Pili, mara nyingi hakikuzi. Mashine ya sahani za CD hutoa kiasi cha volti 2, ilhali amplifaya ya Quad 405, iliyotolewa Uingereza mwaka 1975, yahitaji volti 0.5 tu ili itoe wati zake 100. Hapo kazi kubwa ya priamplifaya ni kupunguza. Aliaminiye jina atatafuta chenye ukuzaji mkubwa kuliko vyote. Naye atakuta sauti imejaa chumba kabla hajaizungusha swichi hata robo, na mvumo usiotakiwa ukisikika nyuma ya muziki.

Watetezi wa jina hilo watasema kwamba neno la asili ni bora kuliko la mkopo. Ni kweli, iwapo neno hilo lasema kweli. Tumekwisha kuona "kipaza sauti" likibebeshwa maikrofoni, amplifaya na spika kwa pamoja, hata muktadha pekee ndio uamuao.

Kwa hiyo yapendekezwa priamplifaya na impidansi zibaki kama zilivyo, na kitenzi kiwe kuoana. Ofisa aandikaye masharti ya zabuni asiandike "zilingane", kwani muuzaji mwaminifu aweza kumtii.