Kisiwa cha Kusini, Turkana: Ratiba ni ya Upepo

Safari ya kutoka Isiolo hadi Loiyangalani siku hizi ina wepesi ambao wazee wetu hawakuujua. Barabara ya kilomita 208 kati ya Laisamis na Sarima ilitengenezwa ili kupitisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme, na mitambo hiyo iliwekwa kule kwa sababu upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu mwaka mzima bila kugeuka. Upepo huohuo humsubiri kila anayetaka kuzunguka Kisiwa cha Kusini cha Ziwa Turkana kwa boti na kuingia kwenye vihori vyake vilivyotulia. Nimeona mipango ya safari hiyo ikianza na ramani. Ningependa ianze na saa.

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya pana ushoroba unaobana hewa na kuiongezea kasi. Kinuthia na Asnani, wanasayansi wa hali ya hewa, waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Nguvu zake hupanda usiku, hudumu hadi asubuhi, kisha hulegea jua linapokuwa juu. Loiyangalani ina nyongeza yake: Mlima Kulal, wenye mita 2,285, humwaga hewa ziwani kwa vishindo. Nahodha wa Lamu aliyezoea kutweka tanga alfajiri bahari ikiwa shwari, huku itambidi abadili mazoea, ang'oe nanga karibu na adhuhuri na awe amerudi kabla ya giza. Muda huo hautoshi kukizunguka kisiwa chote. Anayetaka kukizunguka alale huko, avuke tena kesho yake saa zilezile.

Tuangalie sasa mwelekeo, maana hapa ndipo hatari ilipojificha. Kisiwa kiko kusini-magharibi mwa Loiyangalani. Upepo unatoka kusini-mashariki. Basi ukienda, mawimbi yanakupiga ubavu wa kushoto; ukirudi, wa kulia. Injini ikizima katikati, upepo haukupeleki kisiwani wala haukurudishi nyumbani. Unakusukuma kaskazini-magharibi, kwenye maji mapana, hadi ng'ambo ya ziwa.

Julai 1934, Vivian Fuchs, Mwingereza ambaye baadaye, mwaka 1957 na 1958, aliongoza safari ya kuvuka bara la Antaktika, alikuwa akichunguza ziwa hili, wakati huo likiitwa Rudolf. Alifika kisiwani pamoja na mpimaji wake, Martin, kisha akarudi bara ili mwenzao Dyson achukue nafasi yake. Martin na Dyson hawakuonekana tena. Vitu vyao vichache, yakiwemo makasia, viliokotwa ufuo wa magharibi, mbali upande wa kaskazini. Ukichora mstari wa upepo kutoka kwenye njia yao ya kurudi, unaangukia upande huohuo. Kwa maoni yangu walishikwa na mawimbi wakiwa njiani, na chombo chao kidogo kilijaa maji mengi kuliko watu wawili wangeweza kufua. Ujasiri hawakukosa. Boti ya pili ndiyo iliyokosekana pembeni yao.

Kisiwa chenyewe ni mgongo wa volkano wenye eneo la kilomita za mraba 39, mrefu kutoka kaskazini hadi kusini, na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1983. Kinaugawa upepo kama jiwe linavyougawa mkondo wa Ewaso Nyiro. Upande wa mashariki, joshini, mawimbi hupasuka moja kwa moja juu ya mawe ya lava. Huko pa kutia nanga nisingepatafuta. Nenda demani, magharibi. Maji hutulia, na mchana jua linakuwa nyuma yako unapoelekeza omo kwenye kihori, hivyo mwamba uliozama unaonekana kabla haujagusa mkuku. Mtu mmoja asimame omo na upondo, injini iende polepole, tena iinuliwe nusu. Nanga haishiki vizuri kwenye lava, kwa hiyo amari iwe ndefu. Asishuke mtu kwenye maji ya kina kifupi kabla ya kuchungulia, kwa sababu ziwa hili lina mamba wengi sana.

Utulivu wa demani una udanganyifu wake. Ukiwa umejikinga nyuma ya mgongo wa kisiwa husikii upepo umeanza kupanda. Kabla ya kuamua kurudi, sogea hadi ncha ya kaskazini ya kisiwa, uchungulie maji yaliyo wazi. Ukiona mawimbi yana povu jeupe, rudi kihorini ulale. Ndiyo maana petroli nashauri igawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu lisiguswe isipokuwa kwa dharura. Maji ya kunywa yawe ya siku mbili zaidi ya ulizopanga, kwa sababu maji ya ziwa yana magadi. Boti ziwe mbili, kila moja na injini yake, zivuke zikionana.