Skripti Ndiyo Iliyomtengeneza Clayface

Toleo la 40 la jarida la katuni la Detective Comics, la Juni 1940, linampeleka Batman kwenye studio ya filamu. Basil Karlo, mwigizaji mkongwe wa filamu za kutisha, amepata habari kwamba filamu yake ya zamani, Dread Castle, inatengenezwa upya na nafasi yake kapewa mwingine. Anavaa uso wa Clayface, muuaji aliyemwigiza enzi zake, na kuanza kuua wenzake kwa mpangilio uleule ambao wahusika wao wanakufa katika skripti. Wa mwisho awe yule aliyemrithi. Wengi huukumbuka ule uso. Nionavyo mimi, uzito wa kisa umebebwa na skripti. Mwandishi, Bill Finger, alikuwa na kurasa chache mno za kueleza chuki ya Karlo, akaifanya njia ya kuua iwe ndiyo maelezo yenyewe: kila kifo ni onyesho ambalo mzee huyu anadai bado ni lake. Hata Julie Madison, mchumba wa Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, hatupwi hatarini kwa bahati mbaya. Ni mwigizaji, yumo kwenye filamu, na mhusika wake ni wa kufa.

Kuna wanaosema kisa chenyewe ni cha kuazima. Jina la Karlo linawachanganya Boris Karloff na Basil Rathbone, walioigiza pamoja katika Son of Frankenstein mwaka 1939, na sura yake inamkumbusha mtu Lon Chaney wa The Phantom of the Opera ya 1925. Ni kweli, na hapo ndipo ufundi ulipo: msomaji aliyezoea sinema alikuja na hofu yake tayari, Finger akaokoa picha kadhaa za utangulizi. Hoja kwamba jina hilo linamfichua muuaji mapema ina nguvu zaidi, nami naikubali. Fumbo ni jepesi. Lakini kumjua muuaji hakumalizi hamu ya kuona mpangilio wake ukikatizwa. Mwaka 1961, Finger huyohuyo alimleta Clayface mwingine, Matt Hagen, anayeweza kujigeuza umbo lolote. Hagen anapendeza kuchora, ila anaweza kufanya chochote, kwa hiyo hakuna kinachomlazimisha kufanya hiki badala ya kile. Karlo hana uwezo wowote zaidi ya mekapu na kisu, na ndiye aliyeandikwa vizuri zaidi. Anayejifunza kuandika visa vifupi vya upelelezi aanze naye.