Doa si Rangi

Atembeaye katika soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, huona vibanda vilivyosheheni vikopo vya mafuta ya kujipaka, na huisikia ahadi moja ikirudiwa: kuondoa madoa usoni. Ahadi hiyo yastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo ubeti wa shairi, kwa maana imejengwa juu ya neno moja, na neno hilo limebebeshwa maana mbili.

Maana ya kwanza ni ya kweli. Chunusi iliyotumbuliwa huacha alama nyeusi. Mwanamke mjamzito huweza kutokwa na mabaka mashavuni. Jua nalo huyazidisha. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la nyanda za juu ni danganyifu: baridi ya Juni na Julai humfanya mtu adhani halina makali, kumbe miale iunguzayo ngozi huongezeka nguvu kadiri ardhi inavyoinuka. Ngozi hujihami kwa kuzalisha kwa wingi melanini, ile chembe ya rangi ambayo ndiyo ngao yake. Basi doa la namna hii ni kumbukumbu ya jeraha au ya ulinzi, wala si uchafu. Tiba yake ni kofia, mafuta ya kukinga jua, kutotumbua vipele, ushauri wa daktari, na subira ya miezi kadhaa.

Maana ya pili huingia kimya kimya. Mwuzaji aliyeanza na doa moja huhamia kwenye uso mzima, na kitenzi chake hubadilika: sasa mafuta yake "husafisha rangi". Hebu tukipime kitenzi hicho. Husafishwa kilichochafuka. Asemaye kwamba rangi husafishwa amekwisha kusema, bila kulitamka, kwamba weusi ni taka. Hapo doa limeacha kuwa kitu kilichomo usoni. Uso wenyewe umekuwa doa.

Binti wa kaka yangu aliingia katika mtego huo. Baada ya kujifungua aliuziwa kikopo kisicho na maandishi, chenye mchanganyiko ule uitwao mkorogo. Kwa majuma machache uso uling'aa, akasifiwa. Alipoacha kuupaka, uso uliwasha, ukajaa vipele, na mabaka yakarudi yakiwa meusi kuliko kwanza. Nilimwuliza alitaka kuondoa nini. Akanijibu: "Baba mdogo, mwanzo nilitaka kuondoa mabaka mawili. Baadaye nikawa naona uso mzima ni baka."

Madhara hayo yana sababu zijulikanazo. Zebaki huharibu figo. Steroidi kali zikipakwa muda mrefu hudhoofisha ngozi, na zikiachwa ghafla huzusha uvimbe na vipele. Haidrokwinoni, ambayo huzuia ngozi isitengeneze rangi, ikitumiwa miaka mingi huweza kuacha weusi wa samawati usiotoka kwa urahisi. Yaani dawa ya doa huzaa doa.

Taifa halikulifumbia macho jambo hili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 mafuta ya kujichubua yalipigwa vita pamoja na vimini, nywele za bandia na suruali za kubana. Nia ilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika. Lakini baadhi ya vijana wa kiume waligeuza tangazo lile kuwa ruhusa ya kuwaghasi wanawake mitaani Dar es Salaam. Mwanamke akahesabiwa kuwa mkosaji, na fikra iliyompotosha ikaachwa bila kuhojiwa. Baadaye ikaja Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Sheria ni ya lazima, na vikopo vyenye sumu vinastahili kuteketezwa. Lakini sheria hukamata kikopo. Haiwezi kukamata neno.

Kulisahihisha neno ni kazi ya shule. Kiswahili si maskini wa kuisifu ngozi yetu. Kina mtu wa maji ya kunde, na kina mweusi tii, na maneno hayo yameyatazama mazao na usiku kwa jicho la upendo, bila kuyapanga daraja. Leo kijana asikiapo "cheupe" huona amesifiwa, na asikiapo "mweusi" huona ametukanwa. Wale wamchekao aliyejichubua kwamba ana uso wa Fanta na mwili wa Coca-Cola hawamponyi, kwa kuwa mara nyingi ndio hao hao waliomcheka alipokuwa mweusi.

Mwalimu na awape wanafunzi wake tangazo moja la mafuta, walichambue neno kwa neno: nini kimeitwa doa, na nani amekiita hivyo? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanafunzi akijua kutenga doa na rangi, atamwendea daktari kwa ajili ya lile la kwanza. Hilo la pili halina haja ya tiba.