Kamera na Fagia: Juu ya Santuri Adimu za Magita ya Nairobi

Wauzaji wa nguo kuukuu wa Gikomba, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, wana maneno mawili ambayo yangemfaa sana mhakiki wa muziki. Robota likifunguliwa asubuhi, nguo bora huchaguliwa kwanza, nazo huitwa kamera. Zile zinazosalia, zilizokwisha kupinduliwa na kukataliwa na mikono mingi, huuzwa kwa bei ya chini kabisa na huitwa fagia. Mtu aliyefika wakati wa fagia huenda akaokota shati zuri. Lakini hawezi kudai kwamba uzuri wa shati lile umetokana na kuwa la mwisho.

Nayasema haya kwa kuwa katika muziki dai la namna hiyo hutolewa kila siku. Albamu hutangazwa kuwa ina vipande ambavyo havikupata kutolewa, au vilivyotolewa kwa nakala chache tu, na jalada lake husifu uadimu kabla ya kusifu uzuri. Yatupasa kuuliza: kwa nini kipande hiki kiliachwa? Pengine fedha zilikwisha. Pengine bendi yenyewe ilikisikiliza ikaona hakifai, na bendi ndiyo mhakiki wa kwanza wa kazi yake. Swali hili huwa kali zaidi katika muziki usioimbwa, kwa sababu wimbo ulio dhaifu huweza kusitiriwa na maneno matamu, bali gita likiwa peke yake halina pa kujificha.

Mwaka 1960 vijana wanne wa Uingereza walioitwa The Shadows walitoa "Apache", kipande cha magita na ngoma kisicho na neno hata moja la kuimbwa, nacho kikashika nafasi ya kwanza nchini mwao. Nairobi wakati huo ilikuwa na njia yake. Katika studio ya Equator Sound, iliyoongozwa na Charles Worrod, walikusanyika Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hawa walipiga twisti, nao waliimba. Lakini gita la umeme halikuwa mtumishi wa sauti zao. Lilimjibu mwimbaji, likamkatiza, likamtangulia. (Waingereza nao walisikia: mwaka 1968 kundi la The Tremeloes liliirekodi "Helule Helule" ya Kabaka.)

Basi atakaye kulisikia gita la Nairobi likisema peke yake asitafute bendi isiyo na mwimbaji. Na aigeuze santuri. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, na wimbo wa dansi wa Afrika ya Mashariki haukutoshea. Kwa hiyo mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Upande wa kwanza husimulia kisa: msichana amekwenda, au rafiki amekosa shukrani. Upande wa pili kisa kimekwisha, mwimbaji amerudi nyuma, na magita yametwaa uwanja. Wakongo huita sehemu hiyo sebene. Katika benga, gita la solo hukimbia kwa vidole viwili vitatu likiiga nyatiti, kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi nane, na besi hurukaruka chini yake kana kwamba nayo inadai zamu. Mtu mwenye haraka huusikiliza upande wa kwanza, akaridhika, asijue kwamba ameachia njiani nusu iliyo bora.

Mikusanyo iliyotungwa kutokana na santuri hizo ina thamani isiyo sawa. John Storm Roberts, aliyefanya kazi ya uandishi wa habari Nairobi katika miaka ya 1960, alitoa vitabu viwili vya sauti, kama niwezavyo kuviita, kwa jina la Before Benga: cha kwanza cha gita kavu, cha pili cha magita ya umeme. Sikio lake lilikuwa limeishi mjini, na uchaguzi wake waonyesha hivyo. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, vipande 32 vya miaka ya 1970 na 1980, kutoka kwa Rift Valley Brothers hata Slim Ali na Hodi Boys wake. Ni mkusanyo wa kupendeza, nami nausikiliza kwa furaha. Lakini waliochagua walikusudia yaliyojitenga na mtindo uliozoeleka, na kijana akianzia hapo atadhani kwamba ya kigeni ndiyo yaliyokuwa mengi. Kamera ya London yaweza kuwa fagia ya Gikomba, na kinyume chake.

Kuna jambo zito kuliko ladha. Karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri hutaja bendi na mtunzi. Ni nadra kumtaja mpiga gita la pili, au aliyeshika besi. Mwimbaji hutambulika kwa sauti yake hata jina likifutika, na lugha yake hutuambia ametoka wapi. Mpiga gita hana ushahidi huo. Upande wa pili, ulio mali yake hasa, ndio usio na jina lake. Kwa sababu hiyo naithamini kuliko mikusanyo mingi kazi ya Ketebul Music ya Nairobi, ambao mwaka 2008 walitoa Retracing the Benga Rhythm, kitabu pamoja na sahani za sauti na picha. Wao waliwatafuta watu na kuwauliza. Kazi hiyo haingojei. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki katika mwaka mmoja, 2001, na kila aliyekuwamo studioni pamoja nao alijua ni mkono wa nani uliokuwa juu ya nyuzi.