Simu Inaagiza, Video Inapita Kwingine

Rusha video ya YouTube kutoka kwenye simu hadi kwenye runinga yenye Chromecast, kisha izime simu kabisa. Picha haikatiki, video inaendelea mpaka mwisho. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kifaa ambacho Google ilikizindua Julai 2013 kwa dola 35 za Marekani: simu inatoa agizo tu, mzigo wenyewe haiubebi.

Njia nyingine ilikwishakuwapo. Miracast, kiwango kilichotolewa na Wi-Fi Alliance mwaka 2012, huigeuza simu kuwa mtambo wa kurushia matangazo. AirPlay ya Apple nayo hufanya hivyo inapoakisi skrini, ingawa kwa baadhi ya video huweza kuiachia runinga ijitafutie. Katika kuakisi, video ambayo YouTube ilikwishaibana inafumuliwa na simu, inaonyeshwa kwenye kioo, inabanwa upya, inasafirishwa hewani, kisha inafumuliwa tena upande wa runinga. Betri inaliwa na simu inapata moto. Waifai ikiyumba kidogo, picha inakwama. Na ujumbe wa siri ukiingia wakati huo, sebule nzima inausoma.

Chromecast ilifupisha safari hiyo. Mtu akigusa alama ya kurusha, simu hutuma maelezo mafupi: programu ipi ifunguliwe, video ipi, ianzie dakika ya ngapi. Kifaa kilichochomekwa kwenye tundu la HDMI hufungua ukurasa wa wavuti ndani ya kivinjari chake, huiendea seva moja kwa moja na kuivuta video chenyewe. Simu inabaki rimoti.

Lakini kwanza vifaa hivyo viwili lazima vijuane. Netflix na YouTube walikwishabuni itifaki iitwayo DIAL: simu hutangaza swali kwenye mtandao wa nyumbani, likafikia vifaa vyote kwa pamoja, na chenye uwezo wa kupokea video hujibu kwa kutaja anwani yake. Chromecast ilianza na mfumo huo, baadaye ikahamia mDNS, ambao nao huuliza na kujibiwa vivyo hivyo. Ndiyo sababu kurusha video hotelini mara nyingi hushindikana: mitandao mingi ya wageni huzuia kifaa cha mmoja kisikione cha mwingine, kwa hiyo swali la simu halimfikii wa kulijibu.

Mgawanyo huo wa kazi ndio ulioshusha bei. Kutafuta filamu, kuandika majina na kuchagua vyote vilibaki kwenye simu, hivyo toleo la kwanza halikuhitaji rimoti wala menyu. RAM ya megabaiti 512 ilitosha, pamoja na chipu ya Marvell yenye sehemu maalumu ya kufumua video. Umeme wa tundu la HDMI haukutosha. Kifaa kikaongezewa waya wa USB.

Nafuu hiyo ina mipaka. Anayewasha hotspot ya simu ili Chromecast ipate intaneti anaipunguzia simu kazi ya kubana picha, lakini bando linaliwa kama kawaida. Na video ya harusi iliyohifadhiwa kwenye simu haina seva huko nje: programu hulazimika kuigeuza simu yenyewe kuwa seva ndogo, na hapo ukiizima, picha inakatika.

Kuna pia suala la kuaminiana. Kila Chromecast hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali, na simu hukikagua kabla ya kutuma agizo lolote. Google ilitangaza kusitisha utengenezaji wa Chromecast Agosti 2024, baada ya kuuza zaidi ya vifaa milioni 100. Miezi michache baadaye, Machi 2025, Chromecast za toleo la pili la mwaka 2015 ziligoma ghafla, pamoja na Chromecast Audio. Hakuna kilichoharibika ndani yake. Cheti kilichotolewa kwa miaka 10 kilikuwa kimefika ukomo, nazo simu zikakataa kuziamini. Google iliwasihi wenye vifaa hivyo wasivirudishe kwenye hali ya kiwandani, kisha ndani ya siku chache ikasambaza marekebisho. Waliokwisha kuvifuta hawakuweza kuviunganisha upya hadi programu ya Google Home kwenye simu nayo iliporekebishwa.