Nani Alichora Mtepe?

Ninaishi Kikopey, juu ya bucha. Ukipita na matatu ya Nakuru ukaona moshi umejaa pande zote mbili za barabara, mimi ndiye mwenye lile dirisha lisilofunguliwa mchana. Humo ndimo ninamowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Chuo mimi mwenyewe niliacha mwaka wa pili, karo ilipokata, lakini A nimezipata nyingi sana kwa majina ya watu.

Kuna mteja alinitumia kazi ya maneno 2,000: picha moja ya enzi ya Baroko, ilichorwa na nani na imepitia mikono ya nani. Picha ni "Susana na Wazee" ya Artemisia Gentileschi, mwanamke wa Kiitaliano. Aliichora London mwishoni mwa miaka ya 1630, kwa ajili ya Malkia Henrietta Maria. Mume wa malkia, Mfalme Charles wa Kwanza, akakatwa kichwa mwaka 1649 na mali yake ikauzwa. Ufalme uliporudi, picha nayo ikarudi, ila jina la Artemisia lilidondoka njiani. Kwa kama miaka 200 hivi ilihesabiwa kuwa kazi ya Mfaransa asiyejulikana, ikasahaulika stoo kwenye kasri la Hampton Court. Mwaka 2023 ndipo ilipotangazwa kuwa ni yake.

Kilichonikaa ni kitu kidogo. Walipokuwa wakiikarabati, walikuta nyuma yake herufi CR, alama ya mfalme. Yaani muhuri wa mwenye mali ulikuwepo muda wote huo. Mwenye mkono ndiye aliyepotea.

Nilimaliza ile kazi saa tisa usiku nikabaki nikiwaza Mombasa. Ndani ya Fort Jesus kuna plasta yenye michoro ya karne ya 17, rika moja na Artemisia. Haina mafuta wala fremu ya dhahabu. Ni mkaa na ngeu, basi. Niliiona mara ya kwanza kwenye safari ya shule nikapita haraka, kwa sababu mwenzangu alikuwa na viazi karai. Nilirudi nikiwa mkubwa, na safari hiyo nikasimama. Kuna meli za Ulaya, kuna majahazi, na kuna mtepe: chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka.

Ukiuliza nani alichora, jibu la kawaida ni mabaharia Wareno. Linasemwa haraka, kama bei ya kilo.

Sasa uliza nani ameimiliki ngome. Hapo utapewa orodha ndefu na tarehe zake. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan aliichukua, sultani wa Mombasa ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza Jerónimo. Huyo peke yake angetosha riwaya. Akaiacha, Wareno wakarudi. Waomani waliizingira mwaka 1696 na kuiteka 1698. Wareno tena kidogo, 1728 hadi 1729. Wakaja Wamazrui, wakaja Mabusaidi, kisha Mwingereza akaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 ni urithi wa dunia. Kila aliyeshika ufunguo tunamjua. Aliyeshika kipande cha mkaa tumempa kabila tu.

Na hata hilo kabila linanitatiza. Katika ule mzingiro, maradhi yaliwamaliza Wareno mpaka mwaka 1697 ulinzi wa ngome ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na watu wake. Waswahili walikuwa ndani ya kuta zile, wakiwa na njaa na muda mwingi wa kukaa. Sisemi kwamba wao ndio waliochora. Baharia wa Lisbon angeweza kabisa kuuona mtepe kutoka juu ya ukuta, akaurudia kwa mkaa. Lakini Mreno akipewa meli zake, majahazi ya watu, na hata mtepe wetu, bila sahihi, mimi naona huo si utambuzi. Tumesoma tu jina la mwenye nyumba mlangoni. Kwangu kibandiko cha haki kingesema: walinzi wa ngome, karne ya 17. Kinatosha, na hakimfukuzi mtu.

Wengine wataniambia ni vichorochoro vya askari waliochoka, nisivipandishe cheo. Sawa, lakini itazame michoro yenyewe. Aliyechora alijali kutofautisha vyombo, huyu wa Ulaya, huyu wa Uarabuni, huyu wa Lamu. Aliyechoka tu angechora mashua moja akalala.

Hapa chini kwenye bucha kuna mbuzi amechorwa ukutani, anacheka, ameshika kisu. Wenye hoteli wamebadilika mara tatu tangu nihamie, na wote nawajua kwa majina. Nilipouliza nani alimchora huyo mbuzi, mchomaji alifikiria, akageuza mbavu, akasema, "Si ni kijana fulani wa Gilgil."

Insha ya Artemisia ilipata A. Mteja alinitumia picha ya alama, na jina lake likiwa juu. Jana ameniandikia tena, maneno 1,500, anataka kesho kutwa. Nimekubali. Kodi ni tarehe tano.